Picha Kwanza, Taa Baadaye

Keti hapo kwenye kigogo, ndugu yangu, ila usimwegemee huyo twiga, vanishi haijakauka. Hapa Wamunyu ukikalia ubao kwa muda mrefu unaweza kujikuta umekalia mgongo wa kiboko.

Nimesikia una mpango. Umefanya kazi Nairobi miaka minne, umehudhuria semina mbili za nishati safi, ukapewa begi na kalamu, na sasa unataka kupeleka umeme wa jua kwenye vijiji vya vilimani, kule ambako bodaboda hukushusha chini na betri hupandishwa na punda. Ni mpango mzuri. Kila mwaka humpata mtu mmoja au wawili, na wote nawafahamu kwa sababu wote huja kwangu kuazima ngazi. Ngazi yangu ina vidato 11. Vilikuwa 12.

Naona unatazama paa langu. Paneli nzuri, siyo? Nyeusi, inang'aa, imenyooka. Tutaifikia.

Sitakufundisha kufaulu. Wanaofaulu katika kazi hii hawana muda wa kukaa chini ya mwembe wakitoa mashauri. Nitakufundisha kushindwa bila kuaibika, na ada yangu ni chai na mandazi mawili. Agiza, kisha tuanze.

Hatua ya 1: Mtafutie mradi wako babu

Mtu akikuuliza kazi hii ilianza lini, usiseme juzi. Sema 1984. Hutakuwa umesema uongo, mradi tu usitaje nani aliianza.

Mwaka huo mhandisi Mmarekani, Harold Burris, na mwalimu wa kujitolea, Mark Hankins, walifunga sola katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru. Wanafunzi wakasoma usiku bila moshi wa mafuta taa. Mafundi wa palepale wakafunzwa. Hadithi tamu, na ukiisimulia vizuri mfadhili atatoa kitambaa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hutamsimulia. Walimu wa shule ile walipoona taa zinawaka, hawakuuliza kuhusu mazingira. Waliuliza bei, kila mmoja kwa ajili ya nyumba yake. Baada yao wakaja wakulima wa kahawa na chai, na katika miaka ya tisini Kenya ikawa mojawapo ya nchi ambako watu wa mashambani walikuwa wakijinunulia sola kwa pesa zao mfukoni, dukani, kama wanunuavyo baiskeli. Na walichotaka sana kilikuwa televisheni, ile nyeusi na nyeupe ya inchi 14. Erieli ilifungwa kwenye mti mrefu kuliko ilivyohitajika, ili kijiji cha ng'ambo ya bonde nacho kijue.

Andika hilo kwenye daftari lako la semina. Mteja wako halali usingizi kwa sababu ya erieli ya jirani.

Hatua ya 2: Chagua kijiji cha mbali kilicho karibu

Kiwe mbali kwenye picha na karibu kwa gari. Kilima kiwe kikali lakini upande wa pili. Kuwe na punda mmoja aliye tayari kupigwa picha, na hoteli ya nyama choma isiyozidi nusu saa.

Ukiweza, tafuta watu walio meta 650 kutoka transfoma. Nitakueleza kwa nini. Serikali ilipozindua mpango wa Last Mile mwaka 2015, ada ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, kwa nyumba zilizo ndani ya meta 600 kutoka kwenye transfoma. Mwenye nyumba iliyo meta 650 anaiona taa ya jirani kila usiku. Anajua hata jirani anapika nini. Ameahidiwa nguzo katika kila kampeni, na huenda nguzo yenyewe ililetwa, ikachimbiwa, ikaachwa bila waya, na sasa ndiyo anayofungia mbuzi. Huyo hatakuuliza maswali ya kitaalamu. Ukimwambia una kitu kinachowaka, atakushikia ngazi.

Hatua ya 3: Jifunze kwa wachongaji kuhusu rangi ya viatu

Hapa usiharakishe, ndugu yangu, kwa sababu hapa ndipo Wamunyu inapoizidi Nairobi.

Mzee Mutisya Munge, mwana wa hapa, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na kurudi na ujuzi wa kuchonga sanamu za kuuza. Kutokana na tezo yake mji mzima ukaota wachongaji, wakajaa mpaka Mombasa. Mgeni akipenda mpingo, tukampa mpingo. Kisha mpingo ukaadimika na mgeni akaendelea kuupenda. Ungefanya nini? Tulichukua jakaranda, tukaichonga, tukaipiga msasa hadi ikawa laini kama shavu la mtoto, tukaipaka rangi nyeusi ya viatu, tukasugua. Mgeni akaitazama, akatabasamu, akalipa. Ukweli ulijulikana uwanja wa ndege, kidole chake kilipokuwa cheusi, na saa hiyo mchongaji alikuwa nyumbani akila muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa.

Paneli nayo ina rangi yake ya viatu: ile stika ya nyuma. Stika ndiyo inayosema wati ngapi. Stika haigharimu kitu. Paneli ya wati 60 ikibandikwa stika ya 100 hailalamiki, na jua halisomi.

Usidhani umevumbua wewe. Mwaka 1999 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizunguka Kenya wakipima paneli majumbani mwa watu. Wakati ule soko lilijaa paneli ndogo za amofasi, za wati 12 na 14. Walikuta baadhi ya chapa zinatoa pungufu sana ya kilichoandikwa. Chapa nyingine zilikuwa sawa kabisa. Uzuri wa biashara ulikuwa hapo: kwa macho zote zilifanana, kwa hiyo anayenunua nzuri na anayenunua mbaya walitoka dukani na furaha ileile.

Ogopa watu wa aina mbili tu. Wa kwanza ni mwenye futi, maana paneli ya kweli ya wati 100 ina ukubwa wa karibu nusu meta mraba au zaidi; ikiwa inaingia kwenye begi la shule, mhurumie mwenye begi. Wa pili ni mwenye mita ya umeme, yule anayetaka kuipima saa sita mchana kabla ya kulipa. Huyo mwambie duka limefungwa kwa ajili ya maombi.

Kuhusu bei, usijisumbue kueleza. Mwaka 2020 Bunge liliondoa msamaha wa VAT kwenye sola, mwaka 2021 likaurudisha. Bei yako ilipanda mara ya kwanza kwa sababu ya kodi. Mara ya pili ilibaki juu kwa sababu ya mazoea.

Hatua ya 4: Usiipende betri

Katika miaka yangu yote ya kuazimisha ngazi sijawahi kuona mtu akipigwa picha anabadilisha betri. Paneli, ndiyo. Taa ikiwaka mara ya kwanza, ndiyo, na bibi akipiga vigelegele. Betri iko chini ya kitanda ikinuka asidi, na siku inapokufa mfadhili yuko nchi nyingine. Kwa hiyo bajeti yako iweke juu ya paa, kwenye kamera, na chini ya kitanda weka utakachokipata kwa bei nafuu.

Cha bei nafuu ni betri ya gari. Betri ya gari imezaliwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena mara moja. Wewe unaitaka itoe kidogo kidogo kuanzia taarifa ya habari mpaka saa tano usiku, kila siku. Ni kama kumwajiri mkimbiaji wa meta 100 alinde ng'ombe. Betri za risasi na asidi kwa jumla hazipendi kushushwa chini ya nusu. Hii ya gari ndiyo haipendi zaidi. Miezi ya kwanza itavumilia. Unachohitaji ni miezi ya kwanza.

Mwenye nyumba atakusaidia kuimaliza, hasa ukimpa inveta. Hesabu yake ni hii, lakini usimwonyeshe. Paneli ya wati 50, kwa saa 5 za jua kali ambazo Ukambani hupata kwa siku ya kawaida, huvuna wati-saa 250. Ukiondoa zinazopotea njiani na ndani ya betri, zinabaki kama 180. Sasa kijana wa nyumba ana mkutano wa vijana kanisani na suruali imekunjamana. Pasi ya wati 1,000 kwa dakika 10 inakula wati-saa 167. Jua la kutwa nzima, tangu jogoo mpaka mbuzi kurudi, limekwisha kwenye mapaja ya suruali moja. Lakini ametoka akipendeza, na kama nilivyokwambia kuhusu erieli, kuonekana ndiyo ilikuwa haja.

Halafu kuna maji. Betri ikipungua maji huongezwa yale ya chupa, maji ya betri, yasiyo na madini. Mwambie mteja maji ni maji. Munyu kwa Kikamba ni chumvi, nawe uko Wamunyu. Kuna visima huku ambavyo muthokoi wake hauhitaji kutiwa kitu. Lita moja ya maji hayo ndani ya betri itakukamilishia kazi ambayo pasi iliianza.

Siku hizi kuna vifaa vyenye betri ya lithiamu isiyotaka maji wala maombi. Vinatuharibia ufundi. Tusiviongelee.

Hatua ya 5: Fundi wa daraja la T0

Sheria ipo. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka fundi wa sola awe na leseni, zikaweka madaraja ya T1, T2 na T3. Siku hizi msimamizi ni EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Wewe mtafute fundi wa T0. Utamtambua kwa bisibisi moja, kofia ya timu ya Uingereza, na sifa kwamba aliwahi kutengeneza redio ya mjomba wake ikaongea mpaka mjomba akafa.

T0 ana mbinu mbili. Ya kwanza ni waya wa spika. Ni mwembamba, ni rahisi, unapinda vizuri kwenye kona. Mfumo wako ni wa volti 12, na ukipitisha ampea 4 kwenye waya wa milimita mraba 0.5, meta 10 kwenda na 10 kurudi, karibu volti 3 zinabaki njiani zikiupasha waya joto. Taa inapata 9 na kuwa ya rangi ya chungwa. Mteja akilalamika, mwambie hiyo ndiyo rangi ya kisasa, hata hotelini wanaitumia.

Ya pili inaitwa dairekti. Kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya paneli na betri, kikiizuia betri isijazwe kupita kiasi na isikaushwe, kikiharibika T0 hukitoa na kuunganisha waya kwa waya. "Imeshika!" atasema, na kweli itashika. Ataondoka na kile kisanduku mfukoni kama sehemu ya malipo.

Hatua ya 6: Taa ziende wapi

Ya kwanza nje, juu ya mlango, iangalie barabara. Ya pili sebuleni, juu ya picha ya harusi. Ya tatu chumbani kwa baba, kwa sababu ndiye aliyetia sahihi. Jikoni? Mwaitu, yaani mama, amepika na koroboi miaka 30 na anajua chumvi iko wapi. Mwachie koroboi.

Hatua ya 7: Mwembe

Watu watakwambia uifunge paneli mahali pasipo na kivuli, iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Wewe ifunge panapoonekana. Kama panapoonekana pana mwembe, shukuru Mungu, kwa sababu mwembe ni wakili mzuri. Seli za paneli zimefungwa mfululizo kama ndoo kwenye mnyororo wa watu wazimao moto: akisimama mmoja, wote wanasimama. Tawi moja likitupa kivuli kwenye kona ndogo, mavuno ya sehemu kubwa ya paneli yanapotea. Mteja akija juu, mwonyeshe tawi. Hatalikata. Hakuna Mkamba atakayeukata mwembe unaozaa ili aone runinga.

Mwezi wa saba huhitaji hata mwembe. Ukungu unakaa vilimani mpaka karibu saa sita, baridi inakata masikio, na kwa kila kitu kibovu ulichouza tangu Januari inalaumiwa hali ya hewa.

Hatua ya 8: Uzinduzi ufanyike saa tano asubuhi

Hii ndiyo siri kubwa, na naitoa kwa mandazi mawili tu. Saa tano asubuhi jua liko kichwani na hakuna binadamu anayeweza kujua kama taa imewaka au haijawaka. Mheshimiwa atabonyeza swichi, watu watapiga makofi, kamera itaonyesha balbu nyeupe, na balbu ni nyeupe hata ikiwa imezimwa.

Panga hivi. Akina mama wa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja, wafagie uwanja na kubeba viti, kwa maana wao hufanya kazi hata kama hawatatajwa. Hema liwe na upande wa wageni na upande wa jua. Watoto wa shule wasimame upande wa jua na kitabu kimoja mkononi, kimefunguliwa. Wachezaji wacheze, mheshimiwa aingie katikati achezeshe mabega mara tatu. Hotuba iwe na maneno "giza" na "nuru", na mtu fulani ataikumbuka Mwanzo sura ya kwanza, mwache. Mtoe susu mmoja, yaani bibi mzee, mwenye meno machache asimame chini ya paneli akiitazama kama anayeona ndege inapita. Piga picha tatu. Mlete punda, piga ya nne.

Na saa kumi na mbili jioni isikukute pale. Hata kama wamechinja mbuzi. Fungiwa nyama kwenye gazeti uondoke.

Hatua ya 9: Madeni

Zamani ulihitaji kumuuzia mtu paneli kwa pesa taslimu, na mwenye pesa taslimu huuliza maswali. Mwezi wa kumi mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA iliingia sokoni na mtindo mwingine: amana ya shilingi 2,500, halafu shilingi 40 kila siku kwa mwaka mzima kupitia M-Pesa. Ulipata paneli, taa na nyaya za kuchajia simu. Mmoja wa waanzilishi, Nick Hughes, alikuwa ameshiriki kuiasisi M-Pesa yenyewe akiwa Vodafone, kwa hiyo alijua Mkenya anaweza kukosa sukari lakini hakosi salio. Shilingi 40 zilipangwa zishindane na pesa za mafuta taa. Jumla ilikuwa 17,100. Ndani ya kisanduku cha mtambo huo mlikuwa na kadi ya simu, na usipolipa, taa zilijifunga zenyewe bila mtu kupanda kilima kukutukana.

Lilikuwa wazo la akili mno, likafungua mlango kwa sisi tusio na akili kiasi hicho. Basi ukikopesha, kopesha kwa kiapo, usiweke kadi. Kadi inakumbuka.

Na kama wewe ndiye mwenye nyumba, hapa kuna ushauri wa bure wa kushindwa kulipa ukiwa na hadhi yako. Lipa siku za wageni. Mkwe akija Jumamosi, tuma 40 Ijumaa usiku. Atakula akiona mifupa, atarudi kwao na habari njema, na Jumatatu mtarudi kwenye koroboi kama familia. Ajenti akija, mwambie mtandao unasumbua kilimani. Akirudi, mwambie mlilipa lakini kwa nambari ya shemeji. Akirudi mara ya tatu mkaribishe chai, kaeni gizani, muulize habari za kwao. Ajenti naye ni mtoto wa watu. Alikuja kutafuta 40, atatoka na parachichi mbili.

Onyo

Kwenye kilima kile utakachokichagua kuna susu mmoja. Kila kilima kina mmoja. Usimtembelee, atakuharibia ripoti.

Huyu alinunua kijisola kidogo, akakilipia mpaka shilingi ya mwisho na karatasi anayo, imo ndani ya Biblia. Kila asubuhi hukipanguza vumbi kwa ncha ya leso. Hakuongeza runinga. Wajukuu walipoleta inveta aliwauliza ni ya nini, wakarudi nayo. Taa yake moja iko jikoni. Huchaji simu za majirani kwa shilingi 20, pesa anaziweka kwenye chama cha akina mama, na betri ilipochoka aliagiza nyingine kabla ya ile ya kwanza kufa, kitu ambacho sijakisikia hata kwenye semina. Mvua ya Novemba ikifunika anga siku tatu, anazima mapema na kulala. Hana picha hata moja. Hakuwahi kuazima ngazi, paa lake analifikia akisimama juu ya kinu.

Nimewahi kuwapeleka wageni kwake kwa bahati mbaya. Walitaka kujua mradi gani ulimsaidia. Akasema ni kuku wawili.

Hatua ya 10: Ripoti

Hesabu paneli. Taa usizihesabu, zinabadilika badilika. "Nyumba 120 zimefikiwa" ni sentensi nzuri. Kufikiwa si kuwashiwa, hata mhubiri hufikia watu.

Na ukihitaji takwimu kubwa zaidi, ichukue ya taifa uivae kama koti la kuazima. Katika sensa ya 2009, nyumba zilizotegemea sola kwa taa hazikufika 2 katika kila 100. Katika sensa ya 2019 zilikuwa 19. Ni ongezeko la ajabu. Lilifanywa na wauza maduka, walimu, ajenti wanaopanda vilima kwa miguu, na masusu kama yule. Lakini hakuna aliyeliandikia ripoti kutoka Wamunyu, kwa hiyo liko wazi. Andika "katika kipindi hicho" halafu weka picha yako na punda.

Ukishindwa kabisa

Inawezekana ukafuata hatua zote hizi na bado mambo yakaenda mrama: mteja akapata mita, susu akaalikwa uzinduzini, mheshimiwa akachelewa mpaka saa moja usiku. Usikate tamaa. Tazama tena paa langu.

Ile ni jakaranda. Nimeichonga mwenyewe kwa siku mbili, vipimo vya wati 100 kamili, mistari ya seli nimeichora kwa msumari wa moto, kisha makopo mawili ya rangi ya viatu na kusugua kwa nusu siku. Haina betri ya kufa. Haidaiwi na mtu. Mwembe ukiifunika haijali, na mwezi wa saba kwake ni sawa na Januari. Majirani wananiheshimu, na mwaka jana nilifanywa mweka hazina wa kamati ya maji kwa sababu, walisema, huyu mtu ana maendeleo. Wezi waliipandia usiku mmoja kwa ngazi yangu mwenyewe. Asubuhi niliikuta chini, imeegemezwa ukutani kwa adabu, na kidato kimoja kimevunjika.

Simu? Naichaji kwa susu, shilingi 20. Hapo ndipo nilipozijua habari zake zote.

Basi ukiamua, niletee vipimo vya paa lako nikuchongee. Ila uje mchana, na urudishe ngazi mchana. Kwangu usiku utamgonga huyo twiga kabla hujauona mlango.